Besi Iliyopigwa Pasi

Pasi ilikaa juu ya lile gita dakika tatu, labda nne. Dakika nne si kitu, hata maji ya chai hayachemki. Lakini zilitosha.

Aliyeiweka hapo hakuwa mtoto wala mlevi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye akili zake timamu, ambaye mtaa mzima ulimwita Rula kwa sababu hakuonekana popote bila rula yake ya chuma mfukoni mwa aproni. Kazi yake ilikuwa kuchonga vibao, vile vya plastiki vinavyopigiliwa kwenye milango ya ofisi: MHASIBU, MKUU WA IDARA, BISHA HODI UNGOJE. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha pana la kuhudumia wateja. Ndani mlikuwa na mashine kongwe ya kuzungusha kwa mkono, mabamba ya plastiki ya rangi zote yaliyosimamishwa ukutani kama vitabu, na vumbi jembamba lililopenya hadi kwenye kopo la sukari. Ukimwonyesha kibao alichochonga mtu mwingine, kabla hajasoma jina atakwambia herufi ya tatu imelewa.

Jumanne hiyo, saa saba mchana, alikuwa anapiga pasi blauzi kwenye meza ya sebuleni. Meza ilikuwa imetandikwa blanketi na shuka, kama siku zote. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo. Rula aliuona, akajisemea kwamba blanketi limekunjwa na wifi yake, na wifi yake hajawahi kukunja kitu kikakunjika. Mara mteja akagonga dirishani, daktari wa meno amefuata kibao chake. Rula akaitua pasi haraka haraka pale penye mwinuko, akaenda. Daktari alitaka kusifia herufi moja moja, na Rula hakuwa mtu wa kukatiza sifa.

Alipoanza kunusa harufu ya plastiki hakushtuka, maana karakana yake hunuka hivyo mwaka mzima. Kilichomshtua ni kukumbuka kwamba mashine yake tangu asubuhi haijazunguka.

Alikimbia. Aliinua pasi, na shuka likainuka pamoja nayo, na chini ya shuka kukawa na kitu cheupe kilichovutika kama uji mzito. Akalifunua shuka lote. Pale mezani lilikuwa limelala gita la besi la wifi yake, lile la umeme lenye nyuzi nne nene, ambalo mwenyewe alikuwa amelifuta vumbi asubuhi na kulifunika lisipate vumbi tena.

Kifuani pake gita lilikuwa na bamba jeupe la plastiki. Wapigaji huliita ngao, kwa kuwa hukinga mbao isikwaruzwe na kucha. Lakini ngao hiyo hubeba mengine pia: vifundo viwili vya kuongeza na kupunguza sauti vimefungwa humo, na waya zake zimejificha chini yake. Sasa nusu ya chini ya ngao ilikuwa imeyeyuka na kujikunja, na vile vifundo viwili vilikuwa vimeinamiana kama watu wanaosengenya. Rula alijaribu kukizungusha kimoja. Hakikuzunguka.

Nisifiche: wazo la kwanza lililomjia ni kulifunika shuka na kwenda sokoni. Alilifunika kweli. Akalinyoosha na shuka lenyewe, ncha kwa ncha. Kisha mama yake, mzee wa miaka themanini kasoro, akatokea mlangoni akinusa.

"Nini kinaungua?"

Mama alikuwa na tatizo la masikio, kwa hiyo Rula ilimbidi akiri kosa lake kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Nimeunguza besi, Mama!"

"Umenunua basi?" Mama akastaajabu. "Nani ataliendesha?"

"Besi! Gita la Mwalimu!"

Mama alilifunua shuka, akatazama, akatia kidole kwenye ile plastiki iliyokunjamana. Akamtazama bintiye usoni. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Rula akadhani analia, kumbe mzee anacheka mpaka anashika ukingo wa meza.

"Mficha uchi hazai," alisema alipopata pumzi. "Kamwambie mwenyewe. Na mimi niwepo."

Mwalimu, ndivyo walivyomwita wifi mtu, alikuwa akifundisha chekechea barabara ya pili. Aliolewa na kaka yake Rula, dereva wa lori la masafa marefu, miaka sita iliyopita, akaja na mabegi mawili ya nguo na gita. Tangu hapo mawifi hawa wawili waliishi bila ugomvi na bila urafiki. Waliamkiana, walipakuliana, walipokezana zamu za kuosha vyombo, na yaliyobaki kila mtu alibaki nayo kifuani. Jambo moja tu lilikuwa likiwatia chumvi kidondani. Kila jioni saa kumi, Mwalimu alijifungia chumbani kwake na kupiga besi kwa saa nzima, dum, dum, dudum, na kila wiki mara moja Rula alibisha mlango na kusema kwa adabu iliyokunjwa vizuri, "Wifi, muonee huruma Mama. Mzee anahitaji kupumzika." Mwalimu akipunguza sauti, Rula akirudi kwenye mashine yake ameshinda.

Siku hiyo Mwalimu alirudi saa tisa na nusu, vidole vimejaa rangi za watoto. Rula alimpokea begi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwalimu akajua papo hapo kuna msiba.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ila wifi, nimekukosea."

Alimweleza yote, na pasi, na daktari wa meno, na hata lile wazo la kwenda sokoni. Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa mbele ya gita, akajaribu kifundo kimoja, akajaribu cha pili. Akachomeka waya kwenye spika yake ndogo na kugusa uzi mnene kuliko yote. Spika ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

"Jumamosi bendi yetu ina harusi," alisema taratibu.

"Huwezi kuazima jingine?"

"Mpiga besi mwingine ninayemjua ana harusi yake, Jumamosi hiyohiyo. Na hii ngao dukani huwa haipo. Inaagizwa. Niliwahi kuulizia, nikaambiwa wiki sita."

Akalibeba gita lake kama anayebeba mtoto mwenye homa, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Rula alitamani angebamizwa mlango. Mtu akikufokea unapata pa kushika. Akikunyamazia, utashika wapi?

Jioni kaka mtu alipiga simu kutoka safarini, habari zimekwishamfikia. "Dada," alisema, "nisaidie kuelewa. Umelipiga pasi gita la mke wangu. Kwani lilikuwa na makunyanzi?" Akacheka peke yake huko aliko. Rula alikata simu.

Kesho yake, Jumatano, saa kumi ilifika na nyumba ikawa kimya. Rula alikuwa mashineni, akichonga vibao vya plastiki angavu kama kioo kwa ajili ya wakili mmoja. Kazi hiyo huchongwa kwa nyuma, herufi zote kinyume, ili mtu akisoma kwa mbele zionekane sawa, na alikuwa nayo wiki ya pili sasa, mpaka hata majina ya watu ameanza kuyaota yakianzia mwisho. Alitoka kunyoosha mgongo, akamkuta Mama kwenye ujia wa ndani, ameketi juu ya kigoda chake, mgongo umeegemea ukuta wa chumba cha Mwalimu. Ndipo alipokaa jioni zote. Rula siku zote alidhani mzee anafuata ubaridi wa sakafu.

"Mama, unafanya nini hapo?"

Mama alimtazama midomo. "Nangoja. Mbona leo hapigi?"

"Si gita limeungua! Umesahau?"

"Sijasahau. Nilidhani mnatengeneza. Nyinyi wawili mikono mnayo minne, au nimehesabu vibaya?"

Rula alichuchumaa mbele yake ili waonane vizuri. "Kwani ile kelele haikusumbui?"

"Kelele!" Mama aliguna. "Sikiliza, mwanangu. Wewe nakusikia nusu, nusu nyingine naisoma mdomoni. Ndege sijawasikia tangu mwaka juzi. Redio kwangu ni kama mtu anapepeta mchele. Lakini lile gita," akaupapasa ukuta nyuma yake kwa kiganja, "linapita humu, linaingia mgongoni, linakuja kukaa hapa." Akajigusa kifuani. "Nalisikia lote. Hata akikosea najua. Jumapili alikosea mara mbili."

Rula alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka sita alikuwa akibisha ule mlango kwa jina la mama huyu.

"Mama, mbona hukuwahi kusema?"

"Mliniuliza?"

Basi Rula akapiga moyo konde. Alikwenda karakana, akachukua bisibisi mbili, penseli, karatasi nyembamba ya kunakilia na rula yake, akarudi kubisha ule mlango.

"Hodi."

"Nani?"

"Wifi yako mkosaji."

Halafu sauti ya ndani ikasema, "Wakosaji ni wengi, taja na kosa." Rula akajua mlango utafunguka.

Walikaa kitandani na lile gita katikati yao kama madaktari wawili wenye mgonjwa mmoja. Mwalimu alizilegeza nyuzi na kuzitoa. Rula alichora umbo la ngao kwenye ubavu wa boksi la viatu, na kila skrubu iliyotoka akaichomeka kwenye boksi mahali palepale ilipotoka, zote kumi na tatu, isije moja ikaingia tundu la mwenzake.

"Nyuzi nne tu?" Rula aliuliza akifungua. "Magita mengine si yana sita? Hizo mbili ziko wapi?"

"Hizo ni za wenye haraka," Mwalimu akajibu.

Ngao ilipong'oka walikuta kitu ambacho Mwalimu mwenyewe, kwa miaka yake yote na gita hilo, hakuwahi kukiona. Mbao ya gita ilikuwa nyekundu iliyochakaa, rangi ya tofali kuukuu. Lakini chini ya ngao, ambako jua halijawahi kufika, ilikuwa bado nyekundu mbichi ya nyanya, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umechorwa wazi kuliko penseli yoyote ingeweza kuchora. Rula alishangilia. Nusu ya ngao iliyoyeyuka isingefaa kunakiliwa, lakini kivuli chake kilikuwa pale, kamili, kona kwa kona.

"Mbao imetunza," alinong'ona. "Ona, wifi. Imetunza yenyewe."

Akatandaza karatasi, akapitisha penseli ubavu kwa ubavu, akaweka alama za matundu. Mwalimu alikuwa akimtazama. Hakuwahi kumwona wifi yake akitabasamu huku anafanya kazi, maana hakuwahi kuingia karakana wakati wa kazi.

Alhamisi Rula aliwaambia wateja wote warudi wiki ijayo. Alichagua bamba lake bora, jeupe juu, jeusi chini, la mwisho jeupe lenye ukubwa huo, akagandisha karatasi, akakata kwa msumeno mwembamba kama uzi. Alikata asubuhi nzima. Akasawazisha kwa tupa, akalainisha kwa msasa, akatoboa matundu kumi na matatu na mawili makubwa ya vifundo. Mwalimu alipotoka kazini alikuta ngao imewekwa juu ya kitambaa safi, inang'aa.

"Wifi!" alisema, akiwa ameweka mkono mdomoni. "Mikono yako hii!"

Rula alijitia kutosikia sifa, jinsi watu wafanyavyo wakizisikia vizuri sana. Wakaipeleka juu ya gita. Haikukaa. Wakaizungusha nusu mzunguko. Haikukaa. Pembe ndefu iliyotakiwa kuelekea huku ilikuwa inaelekea kule.

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliigeuza ngao, weusi ukawa juu, ikalala kwenye gita bila kosa hata la unywele, ila upande wa sura ukiwa chini, na mikwaruzo ya kazi yote juu.

"Wifi," alisema kwa upole, "hii umemtengenezea mpigaji wa mkono wa kushoto."

Rula alitazama. Wiki mbili za herufi za kinyume! Alikuwa amegandisha karatasi upande wa nyuma, kwa mazoea, bila hata kufikiri. Yeye, Rula, aliyeona herufi iliyoinama kutoka ng'ambo ya barabara! Alikaa chini kwenye stuli, akafungua mdomo ili aombe radhi kwa mara ya pili wiki ile, na badala ya radhi kikatoka kicheko. Kilimtoka kama kitu kilichokwama miaka. Mwalimu naye akaanza. Walicheka wakashikana mikono, walicheka mpaka mteja aliyekuwa dirishani akaondoka bila kusema shida yake. Mama alikuja kuuliza, wakashindwa kumweleza, naye akacheka hivyohivyo, maana kicheko hakihitaji masikio.

"Sasa?" Mwalimu akauliza, akijifuta machozi.

Sasa lilikuwa swali gumu. Rula alipekua mabamba yake yote. Meupe yaliyobaki yalikuwa madogo. Meusi yalikuwa na ufa. Lililobaki lenye ukubwa wa kutosha lilikuwa moja, lililoagizwa kwa ajili ya vibao vya HATARI UMEME na mteja ambaye baadaye alibadili mawazo. Lilikuwa la manjano juu, jeusi chini. Sikwambii manjano ya kistaarabu. Manjano ya kumsimamisha mtu barabarani.

Rula alilichomoa kwa aibu. Mwalimu alilipokea, akajipima nalo kifuani.

"Nitaonekana kama nguzo ya umeme."

"Naweza kutafuta kwingine, kesho asubuhi..."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Kata. Bwana harusi akipigwa shoti, tutasema tulimwonya."

Safari hii Rula aliandika neno JUU kwa kalamu nene kwenye bamba, na jingine kwenye karatasi, na Mwalimu akasimama nyuma yake kuhakikisha JUU zote mbili zinatazama juu. Ijumaa asubuhi ngao ilikuwa imekatwa. Palibaki kingo. Alipokuwa akizilaza kwa tupa, ili zisimkate mpigaji mkono, weusi wa chini ulianza kujitokeza, mstari mwembamba uliozunguka ngao nzima kama wanja kwenye jicho. Rula alisimamisha tupa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichonga katikati ya plastiki, na kingo hakuwahi kuzijali. Alizunguka ngao yote taratibu, mstari ukimfuata, na alipomaliza hakumwita mtu kwa muda kidogo. Alitaka kuitazama peke yake.

Mchana, Mwalimu alipotoka shuleni, waliifunga ngao kwenye gita chumbani kwake. Ile karatasi ya bati iliyokuwa nyuma ya ngao ya zamani, ya kuzuia kelele za umeme, Mwalimu aliibandua na kuibandika kwenye mpya. Vifundo vilikuwa vizima, ni plastiki tu iliyovikaba. Matundu mawili ya skrubu kwenye mbao yalikuwa yamelegea, Rula akayajaza njiti za kiberiti zilizochovywa gundi. Mwishowe ikabaki ile ngozi nyembamba ya plastiki inayokinga uso wa bamba jipya, na Mama akadai haki yake.

"Hiyo nibandue mimi. Nimengoja siku tatu."

Akaishika kwa ukucha kwenye kona, akaivuta polepole, na manjano yakamlipukia usoni. "Hee!" alisema. "Hata kipofu ataiona."

Mwalimu akavalisha nyuzi, akazikaza, akachomeka waya. Spika ikatoa sauti ya mzinga mzima wa nyuki. Alipogusa uzi, besi ilisikika kwa mbali sana, imezama ndani ya ule mvumo. Uso wake ukasawijika.

"Tulia," Rula akasema. Kando ya mashine yake ya kuchonga kulikuwa na mota ndogo ya kunoa, na mota hiyo imemfundisha mengi kwa kumpiga shoti. Alifungua skrubu nne, akainua ngao upande mmoja, akachungulia kwa tochi. Kulikuwa na waya mweusi unaoning'inia, umeacha mahali pake walipokuwa wakivutana na ngao ya zamani. "Huyu hapa. Amejitenga na wenzake, ndiyo maana wote wanalalamika." Akapasha chuma cha kulehemu, akatonesha tone moja la lehemu, jeupe, la mviringo, zuri kiasi kwamba Mwalimu aliomba asiondoe tochi alitazame tena.

Walipochomeka mara ya pili, spika ilikuwa kimya kama shuka safi. Mwalimu alipiga uzi mnene.

Glasi kabatini ziliitikia. Rula alikuwa ameegemea kabati, na ile sauti ilimwingia kwenye bega, ikashuka mbavuni, ikafika hadi kwenye nyayo. Kwa miaka sita alikuwa ameisikia kwa masikio peke yake, tena akiwa amekasirika. Kutoka kwenye ujia, ambako Mama alikuwa amesharudi kwenye kigoda chake, sauti yake ikapaa: "Haya sasa!"

"Wifi," Rula akasema, "piga tena. Usipunguze."

Jumamosi saa nane mchana walikuwa ukumbini wote watatu. Mwimbaji wa bendi, waliyemwita Kasuku kwa kuwa hafungi mdomo hata akila, alilitazama gita, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwalimu, hiyo ni besi au alama ya barabarani?"

"Ni besi," Mwalimu akajibu. "Imetengenezwa na fundi wa nyumbani kwetu. Ukimcheka, atakuchongea kibao cha CHOO akupigilie mgongoni."

Kasuku akamgeukia Rula, akainama kwa heshima zote. "Shikamoo, fundi," alisema, ingawa walikuwa rika moja.

Waliweka kiti cha Mama kando ya spika kubwa, mahali ambapo wageni wengine wote walipakimbia. Bendi ikaanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, wa maharusi kuingia, na Mama alitulia amefumba macho, kiganja juu ya ubao wa spika. Wa pili ukachangamka. Mwalimu, ambaye kwa kawaida hujificha nyuma karibu na ngoma, safari hii alisukumwa mbele na mpiga picha, aliyesema hawezi kuacha manjano yale yakaliwe na giza. Akasimama mbele, mwanzoni akitazama viatu vyake, kisha akitazama watu. Taa ziliigonga ngao, mwanga ukarukia dari, na watoto waliowasindikiza maharusi wakaanza kuukimbiza ukutani.

Rula alikuwa amekusudia kukaa. Hakuwa mchezaji. Lakini mjomba wa bibi harusi, mtu mnene mwenye suti iliyombana, alimjia na kumwambia, "Dada, nimeona watu wote wanacheza isipokuwa mimi na wewe. Mimi sababu yangu ni magoti. Yako ni nini?" Rula alitafuta sababu, akakosa. Akasimama. Alicheza vibaya, kwa ukakamavu, akihesabu, na mjomba naye akicheza kwa kiuno na shingo tu ili kuyahurumia magoti. Mama alifumbua macho akawaona. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja, akamshika bintiye mikono yote miwili.

"Acha kuhesabu," alimwambia sikioni, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Ngoja lishuke, ndipo ukanyage. Sasa! Ee. Sasa!"

Rula akangoja, akakanyaga. Akangoja, akakanyaga. Jukwaani Mwalimu aliwaona, akasogea ukingoni kabisa, akawa anawapigia wao, akizishusha zile sauti nene moja moja, kama mtu anayemwekea mgeni ngazi mguuni. Muda si muda Rula hakuwa akingoja tena. Mjomba wa bibi harusi akapiga vigelegele, sauti nyembamba isiyolingana na mwili ule, na ukumbi ukamwitikia.

Saa kumi na mbili jioni msimamizi wa ukumbi aliingia na fungu la funguo kubwa kama kichwa cha mtoto, akasimama mlangoni, akazitikisa ili watu wajue muda umekwisha. Hakuna aliyemsikia. Akazitikisa tena. Kasuku alimwona, akamnyooshea kidole, akaimba, "Huyo hapo na njuga zake!" na watu wote wakageuka wakimshangilia. Mtu yule alitazama saa. Akatazama watu. Halafu, taratibu, mkono wenye funguo ukaanza kwenda na besi.

Ukumbi ulifungwa saa moja na nusu.